Ukijengewa, umejenga wewe

Kiwanja kwa dalali, jengo kwa fundi mkuu, vibarua kwa nyapara: wafanyabiashara wengi hugawa kazi hivyo wakidhani wamegawa na wajibu. Sheria haikubaliani nao.

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, jengo la biashara la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, likiwa na wauzaji, wateja na wachukuzi ndani yake. Kwa siku kadhaa waokoaji walizungumza na walionaswa kupitia matundu ya vifusi, wakiwapitishia maji na glukosi. Kabla ya mwezi ule kuisha, watu watatu waliotajwa kuwa wamiliki wa jengo walifikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, wakasomewa mashtaka 31 ya kuua bila kukusudia.

Kuamua nani ana hatia ni kazi ya mahakama. Lakini kwa kila anayejenga ili afanye biashara, hati ile ya mashtaka ilikuwa na ujumbe wa kusomwa mara mbili: Jamhuri iliwatafuta wenye jengo, si walioshika sururu na kolego. Miaka 11 kabla yake, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji hilohilo, liliporomoka na kuua watu 36. Hapo pia maswali yaliwapita mafundi na kupanda juu yao: nani alitoa kibali, nani alisimamia, nani alikuwa mwenye mradi.

Ujenzi wa biashara hupita kwenye mikono mingi. Dalali hutafuta kiwanja, fundi mkuu huchora na kusimamisha nguzo, nyapara huleta vibarua, msimamizi hukusanya kodi ya fremu. Mwenye fedha huwa na namba zao zote kwenye simu, na akiulizwa lolote hujibu, “Hilo yupo mtu analishughulikia.” Makala haya yanafuata safari ya jengo moja la biashara Tanzania Bara, kuanzia kiwanja hadi mpangaji, ili kuonyesha kwa nini jibu hilo halimkingi mbele ya sheria. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na za kazi, kwa hiyo msomaji wa huko asizichukulie tarakimu za hapa kuwa zake.

Muhuri wa mtaa si hati

Kisheria ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachonunua mfanyabiashara ni haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, tena kwa matumizi yaliyotajwa: makazi, biashara, viwanda au taasisi. Asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji unaotambuliwa na mamlaka ya uwekezaji. Ukiweka maghala kwenye kiwanja cha makazi bila kubadilisha matumizi, umevunja sharti la miliki yako kabla hujapanga hata tofali moja.

Biashara nyingi za viwanja hufungwa hivi. Dalali anamleta muuzaji na nakala ya hati au barua ya ofa. Wote wanakwenda ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti anasoma karatasi ya mauziano, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa, fedha zinahesabiwa. Mnunuzi anaondoka akiamini kiwanja ni chake.

Muhuri ule unathibitisha jambo moja tu: kwamba watu hao walikutana siku hiyo wakakubaliana. Hauthibitishi kuwa muuzaji ndiye mmiliki, wala hauhamishi umiliki. Kwa ardhi iliyosajiliwa, umiliki huhama pale uhamisho unapopita kwa Kamishna wa Ardhi na kuandikishwa kwa Msajili wa Hati. Kwa ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na saini ya mwenyekiti peke yake si ridhaa ya halmashauri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka pia mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya kujadili bei, ni upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Ni ombi la kawaida na ada yake ni ndogo. Majibu yake huonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama kuna mtu ameweka madai. Mnunuzi anayepokea nakala iliyodurufiwa na kuiamini amemkabidhi dalali kazi ambayo dalali hana mamlaka ya kuifanya.

Kasoro mbili hazionekani haraka hata kwenye upekuzi. Ya kwanza ni mirathi. Mtoto mkubwa wa marehemu anauza kiwanja cha baba kwa sababu ndiye anayekaa pale na ndiye mwenye hati kabatini. Kama mahakama haijamteua kuwa msimamizi wa mirathi, hana cha kuuza, na ndugu zake wana haki ya kuja kukirudisha. Ya pili ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Benki zimejifunza hilo kwa kushindwa kesi, ndiyo maana leo zinadai saini ya mwenzi. Mnunuzi wa kawaida bado hupokea maneno “mke wangu anajua” na kulipa.

Kariakoo ina mpango mwingine unaostahili kutazamwa kwa karibu. Familia ina nyumba ya zamani ya Kiswahili, vyumba sita na ua, kwenye kiwanja chenye thamani kubwa kuliko uwezo wake wa kukijenga. Mwekezaji anakuja na fedha, anaibomoa, anajenga ghorofa, kisha wanagawana fremu au anakusanya kodi kwa miaka waliyokubaliana ndipo aikabidhi familia jengo. Ni mpango halali na umeinua familia nyingi. Udhaifu wake huwa kwenye maandishi: karatasi inataja mgawanyo wa fremu, haitaji nani anaomba kibali cha ujenzi, nani anaajiri mkandarasi, nani analipia bima, wala nani atajibu jengo likipata ufa. Familia inamwona mwekezaji kuwa ndiye mjenzi. Mwekezaji anaiona familia kuwa ndiyo yenye jengo, maana hati ina jina lao. Siku ya tatizo wote wawili wanaitwa, na wote wawili wanashangaa.

Kibali ni cha ghorofa ngapi?

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri ya jiji, manispaa, mji au wilaya, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni zake. Kibali ni ahadi ya pande mbili kuhusu jengo mahususi: ghorofa hizi, nguzo hizi, matumizi haya. Kwa taarifa za serikali za wakati ule, jengo la Indira Gandhi lilikuwa limeruhusiwa ghorofa chache kuliko 16 zilizosimama. Kuongeza ghorofa juu ya msingi uliokokotolewa kwa uzito mdogo, au kuchimba chini ya jengo linalotumika ili kupata stoo, ni kulijenga upya jengo bila hesabu. Ndiyo maana mabadiliko ya aina hiyo yanahitaji kibali kipya, michoro mipya na mhandisi anayeweka jina lake.

Mikono inayoruhusiwa kugusa jengo hilo pia imepangwa kisheria. Wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi yao. Makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, chini ya sheria ya mwaka 1997, kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi. Bango linalosimamishwa mbele ya mradi, lenye majina ya mwenye kazi, mkandarasi na washauri wake, lipo ili mpita njia yeyote ajue wa kumuuliza.

Maradhi yaliyoota mizizi hapa ni kuazima jina. Mkandarasi aliyesajiliwa anaruhusu cheti chake kitumike, analipwa chake, hafiki saiti. Anayejenga hasa ni fundi mkuu aliyekubaliana na mwenye fedha kwa bei nafuu. Bango linasema hivi, saiti inasema vile. Mwenye mradi anadhani ameokoa fedha, kumbe amejiondolea kinga. Akitaka kumdai mkandarasi wa kwenye cheti, ataulizwa kama kweli ndiye aliyemlipa na kumsimamia. Akitaka kumdai fundi, atakuta hana bima, hana mali, na mara nyingi hana mkataba. Bodi inaweza kumfutia usajili aliyeazimisha jina, lakini hilo halirudishi nguzo iliyopinda.

Kazi ya nyongeza isiyoandikwa

Ugomvi mwingi kati ya mwenye mradi na mkandarasi hautokani na ajali bali na malipo, na chanzo chake ni mabadiliko ya njiani. Mwenye mradi anafika saiti Jumapili, anaangalia ukuta, anasema, “Hapa niwekee mlango, na hapa ongeza choo.” Fundi anaitikia. Miezi minne baadaye ankara inakuja imepanda, na kila upande unaapa kuwa mwenzake anadhulumu. Mkataba mzuri una kipengele kifupi tu: hakuna kazi ya nyongeza bila maandishi yenye bei na muda, yaliyosainiwa kabla ya kazi kuanza. Anayekataa kuandika kwa kuwa “tunaaminiana” anauweka uaminifu huo hatarini.

Mambo mengine matatu yanastahili kukubaliwa kwenye karatasi tangu mwanzo. Malipo yafuate kipimo cha kazi iliyokamilika, kwa hati ya mhandisi au mkadiriaji, wala si kelele za Jumamosi. Sehemu ya kila malipo izuiwe hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, na tarehe ya kuiachia itajwe, kwa sababu makandarasi wadogo hufilisika wakizisubiri fedha hizo. Na adhabu ya kuchelewa iwe ya kiasi. Sheria ya Mikataba haimpi mlalamikaji kiasi chote kilichotajwa moja kwa moja. Inampa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, kwa hiyo kuandika adhabu ya kutisha hakumtajirishi mtu.

Nao wenye miradi waache tabia ya kumwachia mkandarasi mdogo mzigo wa mtaji, kwamba anunue saruji kwa mkopo, alipe vibarua kwa mkopo, na akimaliza aambiwe asubiri nyumba ipate wapangaji. Mkandarasi asiyelipwa anapunguza nondo. Hilo halimwondolei hatia, lakini mwenye mradi aliyechelewesha malipo ana mchango wake katika ubovu huo, na mkataba wenye tarehe za malipo unawalinda wapangaji wa kesho kama unavyomlinda fundi wa leo.

Daftari la majina ya utani

Fika kwenye saiti siku ya kumwaga zege. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi vijana wamekwisha kusimama getini, wengine wamevaa malapa, nguo za kazi zimo kwenye mfuko wa plastiki. Nyapara anatoka na daftari la kaunta. Anachagua kwa macho: huyu mashine, huyu kokoto, hawa kumi na wawili karai. Anaandika Mzungu, Chura, Masai, Dogo Janja. Mchana mama ntilie anakopesha ubwabwa kwa majina hayohayo. Jioni nyapara anapokea fedha kwa msimamizi, anakata yake, anawagawia. Kesho wengi wao watarudi, na keshokutwa, na mwezi ujao watakuwa kwenye ghorofa ya pili.

Mwenye mradi ukimuuliza ana waajiriwa wangapi, atajibu hana hata mmoja. Hao ni deiwaka wa nyapara.

Hapa sheria inasema waziwazi kinyume chake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeorodhesha mazingira ambamo mtu anayemfanyia kazi mwingine huchukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vingine, bila kujali mkataba unamwitaje. Anafanya kazi chini ya maelekezo na usimamizi wa mwingine. Saa zake hupangwa na mwingine. Anatumia vifaa vya mwingine. Anamtegemea mtu huyo kwa kipato. Au amemfanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Moja tu kati ya hayo linatosha kuanzisha dhana hiyo. Saa 45 ni siku tano za kazi ya saa tisa. Kijana aliyebeba karai siku mbili kwa wiki kwa miezi mitatu amekwisha kuzivuka.

Swali linalobaki ni mwajiriwa wa nani. Kama kuna mkandarasi halisi, aliyesajiliwa, anayesimamia saiti na kulipa, jibu ni yeye. Kama mkandarasi ni jina la kuazima na nyapara hana chochote ila daftari, jicho la msuluhishi litapanda hadi kwa anayetoa fedha na maagizo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, anwani ya kudumu, kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa na malipo. Kama mfanyakazi haelewi maandishi, mwajiri anawajibika kumfafanulia kwa namna anayoielewa. Kumsainisha saidia fundi karatasi ya Kiingereza asichokijua hakutimizi sharti hilo. Maelezo hayo yahifadhiwe miaka mitano baada ya ajira kukoma. Na hapa ndipo wafanyabiashara wengi huumia: mgogoro ukifika na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wake. Wapo wanaokwepa mkataba wakidhani kutoandika kunawalinda. Sheria imewageuzia kibao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi ya kazi bila maandishi hupotea vivyo hivyo.

Hakuna anayedai kila kibarua apewe ajira ya maisha. Sheria inatambua mkataba wa kazi maalumu, unaokoma kazi hiyo inapokamilika, na ndio unaoufaa ujenzi: kupiga plasta ghorofa tatu, kuezeka, kuweka vigae. Marekebisho ya mwaka 2025 yamepanua pia mazingira ya kutumia mkataba wa muda maalumu. Anayeandika mkataba wa namna hiyo anaweza kumaliza kazi na kuagana na watu wake kwa amani. Asiyeandika anajikuta na mfanyakazi wa muda usiojulikana, ambaye kumwachisha kunahitaji sababu ya haki na utaratibu wa haki.

Ndani ya mkataba wowote ule yapo masharti yasiyopunguzwa kwa makubaliano. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala tisa kwa siku. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya sikukuu ya umma hulipwa mara mbili. Aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo au zaidi, mkataba wake ukisitishwa na mwajiri bila kosa lake la nidhamu, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Amri ya kima cha chini cha mshahara inaitaja sekta ya ujenzi peke yake na kuigawa kwa daraja la mkandarasi, kwa hiyo “tunalipa kama wenzetu wanavyolipa” si jibu mbele ya mkaguzi wa kazi.

Mtu akianguka

Mirunda ikivunjika na Dogo Janja akaanguka kutoka ghorofa ya pili, swali la kwanza hospitalini ni jina lake halisi. Mara nyingi hakuna pale saiti anayelijua. Swali la pili ni nani atalipia matibabu, na hapo ndipo michango huanza, kofia inapitishwa, msimamizi anatoa chochote alichonacho mfukoni. Familia huko kijijini inapata nauli ya kumsafirisha na mkono wa pole.

Haikupaswa kuwa hivyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango mwaka 2015. Mchango ni wa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mshahara, ikashuka hadi asilimia 0.6, na sasa ni asilimia 0.5. Kwa kibarua anayelipwa Sh15,000 kwa siku, hiyo ni Sh75. Kwa fedha hiyo mfuko hubeba matibabu, fidia ya ulemavu, malipo ya wategemezi na gharama za mazishi. Sioni namna ya kumtetea mwenye jengo la mamilioni aliyeshindwa kutoa Sh75.

Kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango wa asilimia 20 ya mshahara hugawanywa na sehemu ya mfanyakazi haizidi nusu. Kuna OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, inayosajili eneo la kazi na kulikagua, na ambayo sheria yake ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kofia ngumu, buti na mkanda wa usalama ni gharama ya mwenye kazi. Kumwambia kijana aje na buti zake ni kumkabidhi wajibu usiokuwa wake.

Makandarasi wa madaraja ya chini wana hoja yao, na ni ya kweli: ofisi ni nyingi. Bodi, halmashauri, OSHA, WCF, NSSF, TRA, Zimamoto, mazingira, kila moja na fomu yake na ratiba yake. Serikali yenyewe ilikiri tatizo hilo katika mpango wake wa maboresho ya mazingira ya biashara wa mwaka 2018, na baadhi ya tozo, zikiwamo za OSHA, zilifutwa. Kazi hiyo haijaisha. Lakini wingi wa ofisi ni sababu ya kudai zipunguzwe. Kumwacha mtu apande mirunda bila mkanda na bila bima hakuwezi kuwa sehemu ya madai hayo.

Fremu zikipata wapangaji

Jengo limekamilika, dalali analeta wapangaji, kilemba kinatajwa kwa sauti ya chini na mkataba wa ukurasa mmoja unasainiwa. Hapa mambo matatu yanawapata wengi.

La kwanza ni stempu. Mkataba wa pango usiolipiwa ushuru wa stempu hauwezi kupokewa mahakamani kama kielelezo hadi ushuru na adhabu yake vilipwe. La pili ni kodi ya zuio: mpangaji mfanyabiashara anapaswa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA. Asipoizuia, TRA inamdai yeye, hata kama fedha yote alishampa mwenye nyumba. La tatu ni sarafu. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei na kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mikataba ya dola kwa ofisi za Posta na Masaki ilikuwa desturi ya miaka mingi, na wenye majengo walioiacha kama ilivyo wanapaswa kuiandika upya.

Kilemba nacho kiandikwe. Mpangaji anayelipa mamilioni ili mpangaji wa zamani ampishe, bila mwenye jengo kusaini popote, amenunua nafasi ambayo mwenye jengo hakuiuza na halazimiki kuiheshimu pango likiisha.

Saa ya sheria

Haki ina muda wake, na watu wengi hushindwa kwa kuchelewa tu. Mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa isivyo halali ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Dai la mkataba lina miaka sita. Dai la kurudishiwa ardhi lina miaka 12. Mwajiri aliyeitwa CMA asidharau wito: usuluhishi wa mwanzo hupewa siku 30, na huko ndiko shauri linaweza kwisha kwa gharama ndogo kabla ya uamuzi. Mgogoro wa ardhi unaweza kuanzia kwenye usuluhishi wa kata na kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mikataba ya ujenzi inaweza kutaja usuluhishi, na Baraza la Taifa la Ujenzi lina uzoefu wa miaka mingi katika hilo. Tangu mwaka 2021 sheria imekipa Kiswahili nafasi ya lugha ya mahakama, hivyo hoja kwamba sheria ni mambo ya wasomi wa Kiingereza imepungua nguvu.

Mwenye jengo aulizwe mapema

Ukaguzi wa majengo ya Kariakoo ulioamriwa na Rais Samia Suluhu Hassan baada ya maafa ya Novemba 2024 ulikuwa wa lazima. Lakini ukaguzi unaokuja baada ya misiba utafuatwa na mingine. Halmashauri zikague hatua kwa hatua, msingi kabla ya ghorofa ya kwanza, na kila ghorofa kabla ya inayofuata, badala ya kutoa kibali na kusubiri malalamiko. Mwombaji wa kibali cha jengo la biashara atakiwe kuonyesha mkandarasi wake halisi na usajili wa WCF na OSHA kwa ajili ya mradi huo, dirisha moja, siku moja. Benki zinazokopesha ujenzi zina nguvu kuliko mkaguzi yeyote: zikigoma kutoa awamu ya pili ya mkopo hadi zione orodha ya wafanyakazi yenye majina halisi, daftari la nyapara litabadilika ndani ya mwezi mmoja.

Mfanyabiashara asingoje mabadiliko hayo. Kabla ya kuanza ujenzi afanye upekuzi wa kiwanja, aone ridhaa ya mwenzi na barua ya mirathi, ashike kibali chenye idadi ya ghorofa anazojenga kweli. Akutane ana kwa ana na mkandarasi aliyeandikwa kwenye bango na asaini naye mkataba wa Kiswahili wenye ratiba ya malipo. Kisha adai orodha ya kila mtu atakayeingia saiti: jina kamili, namba ya simu ya ndugu, aina ya kazi na uthibitisho wa mchango wa WCF. Asiyeweza kuyafanya hayo hajawa tayari kujenga, hata kama fedha anazo.